Nimeshindwa, Nakupa Tanga

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambaye sijamgusa, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije niseme kile nilichosoma siku za karibuni. Nikakubali palepale. Usiku ndipo nikakumbuka nilichosoma siku za karibuni ni nini, nikatamani kumpigia nimwambie nimepatwa na udhuru. Nimesoma watawa wa Japani na Uchina wa miaka mia nane nyuma, na nimesoma hadithi za watu wanaoishi sayari nyingine. Mimi, mwalimu wa fizikia, mwana wa Tanga, mtu mzima na akili zangu. Mjomba wangu alikiokota kitabu kimoja barazani, akalitazama lile jalada lenye mzee mwenye upara aliyekunja miguu, akakirudisha taratibu mahali pake. Akaniuliza, "Mwanangu, kuna jambo unataka kutwambia?" Nikamwambia hakuna, mjomba, nasoma habari za mpishi.

Sikumdanganya. Huyo mpishi nitamfikia.

Chanzo cha yote ni ngazi. Niliteleza siku ya mvua, nikavunjika mguu chini ya goti, nikafungwa hogo, nikaambiwa wiki sita. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao hajui kukaa. Siku ya nne nilikuwa nimeshagombana na kila mtu nyumbani, na kuku pia. Mpwa wangu yuko Dar, nikamwagiza vitabu vyovyote, mradi visiwe vya silabasi. Akapita Posta kwa wale wanaotandika vitabu vya mtumba chini, akachukua kiroba kizima jioni wakati muuzaji anafunga, kwa bei ya kufungia. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini nimechanganya Zen, yaani Ubudha wa watawa hao, na hadithi za kisayansi, aliyechanganya ni yule muuzaji. Vingine havikuwa na jalada. Kimoja kina kasoro kubwa zaidi ya hiyo.

Sasa. Sisi tuliolelewa na mabibi mchezo huu tunaujua. Kitendawili! (Ukumbi: Tega!) Nyumba yangu haina mlango. Naam, yai, hata sijamaliza. Na usipojua unasema nimeshindwa, bibi anadai mji. Unampa Pangani, anaukataa, mdogo. Unampa Korogwe, anasema umeshampa jana. Mimi nilikuwa mbumbumbu wa vitendawili. Kabla ya usingizi nilikuwa nimeshagawa Muheza na Lushoto, na siku mbaya nikasema nimeshindwa, nakupa Tanga yote na bandari yake. Hapo bibi anaanza kujisifu alivyokwenda Tanga, alivyopokewa, alivyokula, halafu anakupa jibu. Mji umekwenda lakini jibu unalo. Unalala.

Mwaka 1228 mtawa mmoja wa Kichina, Wumen Huikai, alikusanya visa 48 katika kitabu ambacho jina lake kwetu lingekuwa Lango Lisilo na Mlango. Nilipolisoma jina nilicheka peke yangu pale barazani. Yai! Nikajiona nimeshafaulu kabla ya ukurasa wa kwanza.

Visa hivyo huitwa koani. Mwalimu anamtegea mwanafunzi, kama bibi alivyotutegea sisi. Lakini mji haudaiwi na jibu halitolewi. Unakwenda kwa mwalimu na jibu lako, anatikisa kichwa. Unarudi kesho na jingine, anatikisa kichwa. Wapo waliorudi kwa miaka. Mimi kazi yangu ni vitabu vyenye majibu kurasa za nyuma. Wanafunzi wangu hata swali hawajalisoma wanauliza, "Madam, jibu linakuja ngapi?" Nikawa nafunua kurasa za nyuma za Wumen kama wao.

Kisa cha 29 kilinikasirisha kweli. Bendera inapepea. Watawa wawili wanabishana: mmoja anasema kinachocheza ni bendera, mwenzake anasema ni upepo. Anapita Huineng, mwalimu mkubwa wa Zen, anawaambia si upepo, si bendera, ni nia zenu zinazocheza. Nikakifunga kitabu. Niwaambie ukweli, mwanafunzi wa kidato cha pili akiniandikia hivyo nampa sifuri. Upepo unacheza na bendera inacheza, na kanieneo ya hewa pande mbili za kitambaa naweza kuwachorea hapa sasa hivi. Kesho yake nikarudi kusoma maelezo ya Wumen mwenyewe chini ya kisa, nikakuta naye anamkatalia Huineng. Si upepo, anasema, si bendera, na wala si nia. Sasa ni nini? Hasemi. Nikajikuta naitazama kanga ya jirani kwenye kamba kwa muda ambao siwezi kuutetea mbele ya mkuu wangu wa shule.

Halafu yupo Hakuin, Mjapani wa karne ya 18, aliyewauliza wanafunzi wake sauti ya mkono mmoja ni ipi. Hapa Mswahili anapata shida ya peke yake, maana majibu tunayo ya kurithi: kidole kimoja hakivunji chawa, mkono mmoja haulei mwana. Kwetu mkono mmoja ni upungufu, na dawa ya upungufu ni kumtafuta wa pili. Hakuin hataki umtafutie wa pili. Anataka huohuo mmoja. Sijui kama kuna lugha ambayo swali lile linauma kuliko yetu, iliyomzoesha mtu tangu utotoni kwamba sentensi inayoanza na mkono mmoja lazima iishie kwenye ushirika.

Msije mkadhani watu hawa hawajibu kitu. Wanajibu, tena kwa ufupi unaokera. Kisa cha 7: mwanafunzi mgeni amefika, anamwomba mwalimu Zhaozhou amfundishe. Umeshakunywa uji? Nimekunywa. Basi kaoshe bakuli lako. Kisa kimekwisha. Mama yangu amekuwa akisema hivyohivyo miaka yote na hakuna aliyekusanya maneno yake.

Mpishi sasa. Mwaka 1223 kijana wa Kijapani aitwaye Dogen, miaka 23, alivuka bahari kwenda Uchina kutafuta mafundisho ya kweli. Alikuwa msomi wa vitabu hasa. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 1237 akaandika kijitabu cha maelekezo kwa mpishi wa monasteri. Msidhani ni fumbo. Kinasema kweli: mchele uoshwe vipi, chungu kiwekwe wapi, mboga za kesho zipangwe saa ngapi. Mle ndani anasimulia kwamba siku moja ya jua kali, katika monasteri ya mlima Tiantong, alimkuta mpishi mkuu anaanika uyoga uani. Mzee wa miaka 68, mgongo umepinda kama upinde, fimbo mkononi, kichwani hana hata kofia, na vigae chini vinachoma. Dogen akamhurumia. Akamuuliza, mbona huwaambii vijana wakusaidie? Mzee akamjibu: wengine si mimi. Dogen akasema, ni kweli, lakini kwa nini jua likiwa hivi? Mzee akamuuliza: nisubiri lini?

Niliusoma ukurasa huo mara nne. Mara ya kwanza niliona ukaidi wa wazee, huo ninao nyumbani. Mara ya nne nikaanza kuona kwamba yule kijana aliyevuka bahari kutafuta maneno alikuwa amesimama kivulini.

Na sasa niwaonyeshe nilivyokuwa nimekaa mimi. Mguu juu ya kigoda, hogo limeandikwa majina ya watoto wa mtaa. Kitabu kimeegemezwa kwenye birika. Mapajani ungo wa mchele, maana mama alikwishaamua kwamba mtu anayekaa siku nzima hakosi la kufanya. Nachambua. Kijiwe, chuya, kijiwe. Na katika kijitabu hichohicho cha mpishi nikafika kwenye kisa cha zamani zaidi, cha karne ya 9: mtawa anaosha mchele, mwalimu wake anapita anamuuliza, unatoa mchanga kwenye mchele, au unatoa mchele kwenye mchanga? Mtawa akataka kuonyesha kwamba yeye ameshavuka mambo ya hiki na kile, akajibu kwamba vyote anavitoa mara moja. Mwalimu akamuuliza, sasa wenzako watakula nini? Mtawa akaipindua ndoo. Mwalimu akamwambia atafute mwalimu mwingine.

Nikamwita mama. Nikamsomea kwa Kiswahili, nikamtega: ungekuwa wewe ungejibuje, unatoa mchanga kwenye mchele au mchele kwenye mchanga? Mama akasema, "Inategemea umenunua wapi." Akauchukua ungo, akaupeta mara mbili, akaugeuzia kwenye mwanga, akatoa vijiwe vitatu nilivyokuwa nimeviruka, akaviweka juu ya kitabu. "Unasoma au unachambua?"

Baada ya hapo nikaona niwapumzishe watawa, nisome hadithi za nyota kwa raha zangu. Cha kwanza kukiokota kwenye kiroba kilikuwa cha Ursula Le Guin, Mmarekani aliyefariki 2018, riwaya yake ya 1969 kuhusu sayari yenye baridi isiyokwisha. Humo kuna watu wa dini moja wanaoweza kutabiri. Ukiuliza unajibiwa, na jibu ni sahihi daima. Bwana mmoja mkubwa, Berosty, akaenda kuuliza atakufa siku gani. Akajibiwa: tarehe 19. Ya mwezi gani? Mwaka gani? Basi, umeshajibiwa. Akarudi nyumbani akajifungia, kila mwezi ikikaribia tarehe 19 anakufa kabla ya kufa. Herbor, aliyempenda, akaona amsaidie. Naye akaenda kuuliza: Berosty ataishi muda gani? Akajibiwa: zaidi ya Herbor. Alipomletea Berosty jibu hilo, Berosty kwa hasira akamuua. Kwa hiyo utabiri ukatimia. Yeye mwenyewe akaingiwa na wazimu, na tarehe 19 akajinyonga. Wale watabiri, wakiulizwa kwa nini wanaendelea na kazi hiyo, wanasema ni kuwaonyesha watu kwamba jibu la swali baya halina faida yoyote.

Nilikaa na hilo. Tangu nianze kazi, swali baya kwangu lilikuwa ni lile lisilomo kwenye mtihani. Na huyu mama wa Marekani, kwa hadithi ya kutunga, alikuwa amenifafanulia kwa nini Zhaozhou alimjibu yule mgeni habari za bakuli. Le Guin alikuwa mtu wa Tao, ile falsafa ya kale ya Uchina, zaidi kuliko Zen, lakini Zen nayo ilinyonya ziwa la Tao ilipokuwa Uchina, kwa hiyo undugu upo.

Kitabu kilichofuata ndicho nilichotaka hasa kuwasimulia ninyi, maana kimejaa maneno yenu. Frank Herbert, Mmarekani mwingine, alitoa Dune mwaka 1965, baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya 20. Waliokubali mwishowe ni kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Kinahusu sayari ya jangwa tupu na watu wake, ambao dini yao anaiita Zensunni. Mmesikia sawasawa. Zen na Sunni vimeoana, maelfu ya miaka baada yetu. Herbert alivutiwa na Zen, na Kiarabu alikichota kwa ndoo.

Msomaji wa Marekani akikutana na maneno ya watu wale anakimbilia faharasa iliyopo nyuma. Mimi nilikuwa nasoma kama niko Chumbageni, Tanga. Wana kitabu chao kinaitwa Kitab al-Ibar, ambalo ni jina la historia ya Ibn Khaldun. Macho yao yanaitwa macho ya Ibad, unaisikia ibada. Shujaa anajichagulia jina la panya mdogo wa jangwani, Muad'Dib, ambalo kwa Kiarabu ni mtu anayetia watu adabu. Panya mtia adabu! Nilicheka, nilimkumbuka mwalimu wetu mmoja wa nidhamu. Na wanamngoja mkombozi wamwitaye Lisan al-Gaib. Lisani ni ulimi, washairi wenu wanalijua. Ghaibu ni kisichoonekana. Herbert analifasiri kuwa ni sauti kutoka ulimwengu wa nje, na wataalamu wa Kiarabu wanaweza kumnunia, lakini sisi tuna haki gani? Sisi ndio tunaosema fulani yuko ughaibuni, na tuna maana ya London na Muscat. Neno lililokuwa la yasiyoonekana tumelipa pasipoti. Herbert, jamaa wa Tacoma huko Marekani, na Waswahili walifika mahali pamoja bila kuonana.

Lakini lililonisimamisha ni dogo zaidi. Watu wale wakimaliza dua husema bi-la kaifa. Herbert analifasiri: hapana haja ya maelezo zaidi. "Bila" ni yetu kabisa. "Kaifa" kila aliyepita madrasa anaijua, ni "vipi". Bila vipi. Na hilo halikutungwa na Herbert, ni neno la wanazuoni. Inasimuliwa kwamba mtu alimwendea Imamu Malik wa Madina, aliyefariki 795, akamuuliza kuhusu aya ya Arshi, kiti cha enzi cha Mungu, akataka kujua vipi. Imamu akainamisha kichwa mpaka jasho likamtoka. Kisha akasema: jambo lenyewe linajulikana, vipi yake haijulikani, kuliamini ni wajibu, na kuliulizia ni bidaa, uzushi katika dini.

Hapo kiroba cha mtumba kikaanza kuzungumza chenyewe kwa chenyewe. Bila kaifa inakufungia mlango kwa heshima, uende ukaswali. Koani inakusimamisha mlangoni ukiwa na swali linalochoma kama vile vigae, na ole wako ukiliweka chini. Si kitu kimoja, na Herbert alipovishona pamoja naona alipenda rangi zaidi kuliko kitambaa. Kama hadithi, kwa kweli, Dune ilinichosha. Utabiri mwingi mno, kila mtu anajua litakalotokea. Maneno yake ndiyo niliyoyafurahia. Ila lile jasho la Imamu sijaliacha. Aliyejibu kwa uhakika ule alitokwa na jasho kwanza.

Nimalizie na kile kingine, maana naona adhana iko karibu. Stanisław Lem, Mpolandi aliyesomea udaktari wa tiba, aliandika Solaris mwaka 1961. Kuna sayari iliyofunikwa karibu yote na bahari, na bahari hiyo inaonekana kuwa hai. Watu wameichunguza zaidi ya miaka mia. Wana maktaba nzima, wana majina ya maumbo yote inayoyaumba na kuyabomoa, wana madhehebu ya wataalamu yanayotukanana. Ila ni kitu gani, na kinataka nini, hawajui. Wanaipiga kwa eksirei. Bahari inawajibu, kama ni jibu, kwa kuwaletea kila mmoja mtu kutoka ndani ya kumbukumbu yake. Mhusika mkuu, Kelvin, anaamka usingizini anamkuta mkewe aliyejiua miaka kumi nyuma, amekaa chumbani, anatabasamu.

Mimi ni mtu wa sayansi, na sijawahi kusoma kitabu kinachoiheshimu sayansi namna ile huku kikiinyima ushindi. Hakuna anayefanya uzembe. Vipimo ni sahihi, na majedwali yamepangwa vizuri. Ukumbi mzima wa watu wenye akili wanasema nimeshindwa, na hakuna bibi wa kudai mji. Nilisoma nakala ya Kiingereza iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa, nacho kilitoka Kipolandi, na Lem mwenyewe hakuipenda. Kwa hiyo ilipofika kwangu ilikuwa mkono wa tatu, nami nikawa naifasiri kichwani kwa Kiswahili, mkono wa nne. Hata hivyo pale Kelvin anapojaribu kuhesabu, ili ajue kama anaota au la, mikono yangu ilikuwa baridi.

Kuna kijana hapo mbele, kabla hatujaanza, alinong'ona kwamba haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Nimekusikia, mwanangu. Basi kasome Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, uniambie ile safari inakwenda wapi. Mimi niliiacha mara tatu, na sasa nikiwa nimekwishapigwa na Wumen nimeimaliza, sikuielewa, na sijutii. Na kasome Walenisi ya Katama Mkangi, 1995: mtu amehukumiwa kufa, chombo kilichokusudiwa kumuua kinampeleka sayari nyingine, na jina la sayari ukilikata vizuri linasema wale-ni-sisi. Wajapani wangeweza kulikalia jina hilo miaka kumi na miguu wameikunja. Sisi tumeliweka kwenye rafu.

Hogo lilikatwa mwezi uliopita. Mguu umetoka mwembamba kama mwiko, naufanyisha mazoezi. Kuchambua mchele nimeendelea, ingawa hakuna tena anayenilazimisha, na mama bado anaupitia ungo baada yangu, bado anapata viwili vitatu.

Vitabu nimeviacha pale mezani, anayetaka kuazima aandike jina kwenye daftari. Ila huyo Solaris msimlaumu mtu: kurasa za mwisho hazimo. Zilikuwa zimeshachanika kilipotoka Posta. Kelvin nimemwacha bado yuko kule juu na bahari yake, sijui kilichompata. Mpwa wangu ameahidi kunitafutia nakala kamili. Sijamkataza, wala sijamkumbusha.